Lulu baroko si lulu ya enzi ya Baroko

Lulu baroko ni lulu yoyote isiyo duara wala umbo linganifu: iliyobonyea, iliyorefuka kama jino, iliyoota nundu au kijimkia. Basi. Neno linataja umbo tu. Halisemi lulu ina umri gani, wala kama ilipatikana baharini au ilifugwa. Lulu inayokulia karibu na msuli wa chaza, au iliyobanwa na gamba, hujengeka matabaka yasiyolingana unene, ikatoka na umbo lake yenyewe.

Linalokera ni hili: kila kinapoonyeshwa kidani cha kale, hakosi mtu wa kueleza kuwa lulu yake huitwa baroko kwa kuwa ni ya enzi ya Baroko, yaani kipindi cha sanaa ya Ulaya cha karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 18. Ni kinyume kabisa. Neno lilianzia kwenye lulu. Wareno waliokuwa wakinunua lulu za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Hindi walikuwa na neno barroco kwa zile zenye umbo baya, na Garcia de Orta, tabibu wao aliyeishi Goa, analitumia hivyo katika kitabu chake cha 1563. Kamusi ya Akademia ya Ufaransa ya 1694 inasema wazi kwamba baroque hutumika kwa lulu tu, zile ambazo uduara wake una kasoro kubwa. Toleo la 1740 ndilo linaloongeza maana ya kitu cha ajabu, kisicho na ulinganifu. Kwa maana hiyo likawa neno la kuukejeli muziki, kisha majengo. Kulikubali kama jina la heshima la mtindo wa sanaa kulisubiri wanahistoria wa karne ya 19, akiwemo Heinrich Wölfflin mwaka 1888.

Mfano mzuri wa lulu baroko ni kidani cha Canning, chenye umbo la mtu-samaki, kilichopo Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Kifua cha mtu-samaki huyo ni lulu moja tu, na uvimbe wake wa asili ndio misuli. Sonara hakuichonga, aliitazama mpaka akauona mwili ndani yake, ndipo akaunda kichwa, mikono na mkia wa dhahabu yenye enameli, yaani rangi ya kioo inayoyeyushwa juu ya metali. Enameli huchomwa kwenye joto linalopita nyuzi 700 za Selsiasi, na lulu haihimili moto huo, kwa hiyo viungo humalizwa kwanza, vikalinganishwa na kila nundu, lulu ikafungwa mwisho. Palipoungwa ndipo panapolegea. Usikiloweke kidani cha namna hii, na limau au siki isikiguse, maana asidi huila lulu. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha.

Kidani hicho kilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa cha karne ya 16. Sasa wataalamu wanakiona cha karne ya 19. Lulu yake ni baroko kwa hesabu zote mbili. Ukitaka kutaja enzi, itaje kwa kidani: "kidani cha enzi ya Baroko, chenye lulu baroko".