Gemu ya kujifunzia ni ipi hasa?

Ukipita Ngamiani jioni vibanda vya gemu vimejaa, watoto kumi wanagombania pedi mbili, na mama yeyote wa Tanga ukimtajia gemu picha inayomjia ndo hiyo, hela ya daftari imeishia kwenye mpira wa kwenye tivii. Sasa mwambie shule imeleta gemu darasani uone atakavyokuangalia.

Kwahiyo tuelewane kwanza. Gemu ya kujifunzia si gemu yoyote yenye katuni na herufi, ni ile ambayo huwezi kushinda bila kukijua kile unachofundishwa. Nyingi zilizojaa kwenye simu ni maswali ya mtihani yamepakwa rangi tu, ukipatia unapigiwa makofi na kinyota juu, hilo ni jaribio bana. Kipimo changu mi ni chepesi, toa somo uone mchezo unabaki au haubaki. Chukua bao letu, mashimo 32 na kete 64, ukitoa kuhesabu pale limebaki nini? Mzee wa barazani anajua kete zitaishia shimo gani kabla hajazishika na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya hesabu.

Na Tanga tusijifanye wageni wa haya mambo. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15, lilijaribiwa kwenye mkoa wetu huu huu, vijiji kama 170, watoto karibu 3,000, kila mmoja na kishikwambi chenye masomo ya Kiswahili na hesabu kwa mtindo wa michezo na hadithi, kuchaji ni kwa sola. Mtoto anajifunza bila mwalimu kusimama mbele yake. Kabla ya kuanza zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 waandaaji wakasema hao wasioweza wamepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Ni kazi kubwa, sikatai, ila na ile nusu iliyobaki tusiisahau, maana kuna watu wakisikia habari hii wanadhani mwalimu sasa apumzike.

Upande wa kazi ni hivyo hivyo, ila huko jina linakuwa simuleta, yaani mashine ya kuigiza kazi yenyewe. Nahodha anafundishwa rada kwenye simuleta, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, unataka hivyo, kwa sababu kugonga meli ya kwenye skrini hakuna hasara. Hapa kwetu bandari ya Tanga zamani meli kubwa zilikuwa zinakaa nje huko mizigo inafuatwa na matishari, siku hizi kina kimechimbwa mpaka mita 13 na meli inafunga gatini kabisa, sasa kosa la gatini si la kujifunzia na meli ya mtu.

Kinachonikera mimi ni kwamba timu tano zilizoingia fainali ya vile vishikwambi zilitokea London, Berkeley, Pittsburgh, New York na Bangalore. Lugha yetu, watoto wetu, mafundi wao. Lakini masharti yalikuwa programu ziachwe wazi, yeyote achukue abadilishe, kwahiyo kijana wa Makorora mwenye kompyuta na anayejua kuandika programu hana haja ya kuanza sifuri, ataweka sauti za kwetu, machungwa ya Muheza kwenye hesabu za kujumlisha, na mchoraji na msimulizi nao wakapata riziki humo humo.

Niliwahi kumuuliza mwenye kibanda kimoja kama angeweka gemu ya bao. Akasema ataweka, ila iwe ya watu wawili, ya kucheza peke yako mtoto anakaa saa nzima kwa hela ya mechi moja.