Kompyuta Inaposimama Ghafla: Kerneli Hufanya Nini Wakati wa Dharura

Kompyuta ikiganda na kutoa skrini ya bluu, au seva ya Linux ikijaza maandishi na kukataa kila amri, wengi husema imekufa. Mara nyingi haijafa. Kerneli, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski na kichakataji, imekuta jambo ambalo halikupaswa kutokea kamwe, ikaamua kusimama. Uamuzi huo una sababu, na asiyeijua huwahi kuchomoa waya wa umeme na kupoteza ushahidi wote.

Sababu kubwa ni usalama wa data. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huizima na nyingine zikaendelea, maana kila moja ina eneo lake la kumbukumbu. Lakini kerneli yenyewe haina wa kuizima. Kumbukumbu yake ikivurugika, haiwezi tena kuamini hata rekodi zake za faili gani liko wapi kwenye diski. Ikiendelea kuandika, huenda ikaandika taarifa mbovu juu ya taarifa nzuri, na mwenye mali asigundue hadi nakala zake za akiba nazo ziwe zimebeba uharibifu uleule. Kupoteza kazi ya dakika chache ni nafuu kuliko hilo.

Si kila kosa linafika huko. Kerneli ya Linux ikikosea ikiwa inaihudumia programu fulani, kwa kawaida huandika ripoti, huiua programu hiyo na kusonga mbele. Kosa likitokea katikati ya kushughulikia ishara ya kukatiza kazi kutoka kwenye kifaa, au likiikumba programu namba 1 ambayo ndiyo chimbuko la nyingine zote, hapo husimama moja kwa moja. Msimamizi anaweza kuiagiza isimame kwa kosa lolote la kerneli, na kwa seva inayobeba hifadhidata nashauri afanye hivyo.

Dharura inayosumbua wengi zaidi ni kumbukumbu kuisha. Programu huomba nafasi kubwa kuliko zinayotumia, kwa hiyo Linux huahidi zaidi ya ilichonacho. Zote zikidai haki yao kwa pamoja, kerneli kwanza hukusanya kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zisizotumika. Ikikosa, huchagua programu ya kuua. Kila programu hupewa alama kulingana na kumbukumbu inayoshikilia, kisha alama hizo hurekebishwa kwa namba ambayo msimamizi anaweza kuiweka kati ya -1000 na 1000. Yenye -1000 haiguswi. Kwa kuwa alama hufuata kumbukumbu, hifadhidata isiyolindwa hivyo, ambayo mara nyingi ndiyo inayoshika kumbukumbu nyingi, huweza kuwa ya kwanza kuuawa hata kama iliyoleta shida ni programu nyingine ndogo. Ukiikuta imezimika bila sababu, soma kumbukumbu za matukio za kerneli kabla ya kuilaumu.

Kuna pia hali ambapo kichakataji kimekwama na hakuna kinachosonga. Kwa mpangilio wa kawaida, Linux hutoa onyo kichakataji kikishikiliwa ndani ya kerneli kwa sekunde zaidi ya 20. Seva nyingi zina mlinzi wa ziada kwenye maunzi: saa inayohesabu kurudi nyuma, na mfumo usipoirudisha mwanzo kwa wakati, huiwasha mashine upya.

Kerneli iliyosimama haiwezi kuaminiwa kuandika ripoti yake kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo Linux inaweza kutengewa kipande cha kumbukumbu tangu inapowashwa, ndani yake ikapakiwa kerneli ya pili, ndogo, inayosubiri tu. Ya kwanza ikianguka, ya pili huamka bila kupitia hatua za kawaida za kuwasha mashine, husoma yaliyomo kwenye kumbukumbu ya iliyoanguka na kuyahifadhi. Kwangu mimi huu ni ubunifu wa kuheshimiwa sana. Windows kwa kawaida huandika picha ya kumbukumbu kwenye faili lake la kubadilishana kurasa, kisha huihamishia kwenye faili la kudumu baada ya kuwaka tena. Ile asilimia inayopanda kwenye skrini ya bluu ndiyo kazi hiyo. Iache imalizike.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona upande mchungu wa utaratibu huu. Sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilifanya draiva yake, yaani programu inayokaa ndani ya kerneli ya Windows, isome nje ya mipaka ya kumbukumbu. Kwa hesabu ya Microsoft, mashine zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Kerneli ilisimama kama inavyotakiwa, lakini draiva hiyo hupakiwa mapema mashine inapowaka, hivyo nyingi zikawa zinaanguka kila zikiwashwa, na mafundi wakalazimika kuziwasha kwa hali salama (Safe Mode) na kufuta faili la sasisho lile kwa mkono.

Mashine yako ikisimama, piga picha ya skrini kabla ya kugusa chochote, hasa msimbo wa kosa na jina la draiva likionekana. Kwenye Linux iliyoganda lakini bado inaitikia kibodi, na ikiwa msimamizi ameruhusu, shikilia Alt na SysRq (mara nyingi ndicho kitufe cha Print Screen), kisha bonyeza S ili data iandikwe kwenye diski, U ili diski ziwe za kusomwa tu, na mwisho B ili iwake upya. Subiri kidogo kati ya herufi na herufi, kwa sababu diski iliyolemewa huchelewa kumaliza kuandika.