Je, wajua kwa nini gundi nyingi huiharibu ndege ya sarakasi?

Seremala wa meza akiona dalili ya ulegevu huongeza gundi, msumari au ubao mnene zaidi, na mara nyingi meza yake hudumu kwa sababu hiyo. Mtu anayeunda ndege ndogo ya sarakasi, yaani ile inayoongozwa kwa redio kutoka ardhini huku ikijiviringisha, ikipanda wima na kuruka chali, akifuata desturi hiyo hiyo atapata chombo kigumu kushika mkononi lakini kizito angani, na ambacho siku kitakapoanguka kitavunjika vibaya kuliko kile chepesi kilichoonekana dhaifu.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuanza na bawa. Ndege ya kujifunzia huwa na bawa lililobinuka mgongoni na kuwa karibu bapa tumboni, hivyo hupata mwinuo kwa urahisi na hujisawazisha yenyewe rubani anapoachia vijiti vya kidhibiti. Katika sarakasi sifa hizo huwa kikwazo, kwa kuwa ndege ya namna hiyo ikigeuzwa chali humshindania rubani wake. Ndege ya sarakasi hupewa bawa lenye mbinuko sawa juu na chini, tena bawa hilo na lile dogo la mkiani huwekwa sambamba, au karibu sambamba kabisa, na mstari wa kiwiliwili, ili chombo kiruke kwa tabia ile ile kikiwa katika hali ya kawaida au kimepinduliwa. Mwinuo wake basi hautokani na mbinuko wa bawa, bali hutokana na pembe ndogo ambayo bawa hukabili nayo hewa. Kadiri ndege inavyokuwa nzito ndivyo inavyohitaji pembe kubwa zaidi au kasi kubwa zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Kasi ndogo kabisa ambayo ndege inaweza kuruka bila kupoteza mwinuo huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha uzito. Ndege mbili zenye mabawa yanayofanana, moja ikiwa imezidi nyingine uzito kwa asilimia 21, zitatofautiana kasi hiyo kwa asilimia 10. Asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini nishati ya kugonga ardhi hutegemea uzito na pia mraba wa kasi, kwa hiyo ndege ile nzito inapotua hubeba nishati iliyozidi kwa karibu asilimia 46. Gundi na mbao zilizoongezwa kwa nia ya kuimarisha hulazimika kukabiliana na pigo ambalo zenyewe zimelizidisha, na kwa kawaida hushindwa.

Wanaoshindana hawana hata nafasi ya kujadili jambo hili. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, ambalo makao yake yako Lausanne, Uswisi, husimamia daraja la sarakasi za ndege za redio liitwalo F3A. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960, na mshindi alikuwa Ed Kazmirski wa Marekani. Kwa miaka mingi kanuni za daraja hilo zimeweka kikomo cha mita 2 kwa upana wa mabawa, mita 2 kwa urefu na kilo 5 kwa uzito. Ndege ya umeme ya daraja hilo hutumia betri yenye seli 10 ambayo peke yake inaweza kuzidi kilo 1, na baada ya kuondoa mota, mota ndogo ziitwazo sevo ambazo husukuma vibao vya kuongozea ndege, nyaya na magurudumu, kiasi kinachobaki kwa ajili ya mabawa na kiwiliwili chenye urefu wa mtu mzima ni kidogo mno. Ndiyo maana mafundi hao hupima kila kipande kwenye mizani ya jikoni kabla ya kukibandika.

Hapo ndipo balsa inapoingia. Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ochroma pyramidale, ni wa misitu ya joto ya Amerika, na sehemu kubwa ya mbao zake zinazouzwa duniani hutoka Ekuado. Hukua haraka ajabu, hata ukavunwa baada ya miaka mitano hadi minane tu, na ukiwa hai umejaa maji tele katika seli kubwa zenye kuta nyembamba. Maji hayo yakishakaushwa katika tanuri, hubaki ubao ambao kwa sehemu kubwa ni hewa. Ubao wa balsa unaotumika katika ndege huwa na uzito wa kati ya kilo 100 na 200 kwa mita ya ujazo, ilhali mvule hukaribia 650. Kwa wapenda mambo ya ajabu, wataalamu wa mimea huuhesabu balsa miongoni mwa miti ya mbao ngumu, pamoja na mvule wenyewe, ingawa ukucha wa kidole gumba huacha alama juu yake.

Lakini wepesi peke yake hauelezi kitu, maana hata sponji ni nyepesi. Siri iko kwenye unene. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda huongezeka kwa mchemraba wa unene wake: ubao ukinenepa mara mbili, huwa mgumu mara nane. Tuchukue ubao wa balsa wenye kilo 150 kwa mita ya ujazo na unene wa milimita 3. Mbao nyingine yenye kilo 600 kwa mita ya ujazo, ili iwe na uzito uo huo kwa eneo lile lile, italazimika kukwanguliwa hadi milimita 0.75. Balsa ni nene mara nne, kwa hiyo kwa upande wa umbo peke yake inapata faida ya mara 64. Ni kweli kwamba mbao nzito, nyuzi kwa nyuzi, ni ngumu kuliko balsa kwa takribani mara tatu au nne, lakini hata baada ya kukata faida hiyo, balsa inabaki mbele kwa zaidi ya mara kumi. Waingereza walitumia kanuni hii katika ndege ya kivita ya de Havilland Mosquito wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa na tabaka la balsa lililobanwa katikati ya tabaka mbili nyembamba za plaiwudi.

Fundi mzoefu hachukui ubao wowote uliopo. Balsa iliyokatwa kwa kuzungukia pete za mti hupinda kirahisi, nayo hufaa kufunikia ukingo wa mbele wa bawa wenye mviringo. Iliyopasuliwa kutoka moyoni kuelekea gome huwa kavu na ngumu, ina madoa yanayomeremeta, na hufaa kwa mbavu za bawa na kwa mkia bapa. Ukijaribu kuikunja itapasuka. Mbao nyepesi kabisa hupelekwa mkiani na zile nzito hutumika kwenye mihimili ya bawa. Kuna sababu ya kuulinda mkia hivyo. Tuseme pua iko sentimita 30 mbele ya kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege husawazika, na mkia uko sentimita 90 nyuma yake. Gramu 20 za gundi zilizomwagwa mkiani zitadai gramu 60 za madini ya risasi puani ili ndege isawazike, na jumla ya hasara itakuwa gramu 80.

Katika kuunda, mbavu na mihimili hushikwa kwenye kalibu iliyonyooka wakati gundi ikikauka, kwa maana bawa likikauka likiwa limejipinda litabaki hivyo. Bawa lililosokoteka kidogo linaweza kurekebishwa kwa vibao vyake likaruka sawa, na wengi hudanganyika hapo. Rubani akivuta kijiti kwa nguvu ili azungushe duara dogo, upande wenye pembe kubwa hupoteza mwinuo kwanza na ndege huangukia upande huo.

Kuhusu gundi yenyewe, ile ya papo kwa papo ambayo watu wengi huiita supaglu hupendwa kwa kuwa hushika kwa sekunde chache kwa msaada wa unyevu uliomo hewani na katika mbao. Ubaya wake ni kwamba hukauka ikawa ngumu kuliko balsa inayoizunguka, hivyo msasa ukipita hula mbao laini na kuacha mstari wa gundi umesimama. Gundi nyeupe au ya njano ya useremala huchelewa, lakini haivunjiki kirahisi kwa mtikisiko, na ile ya njano husuguliwa kwa urahisi. Epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ni nzito na huwekwa pale tu penye mzigo, kama vile ukuta unaobeba mota na sehemu ya kufungia magurudumu. Kiungo kizuri ni kile ambacho mbao zimekutana bila mwanya. Gundi iliyojaza mwanya ni uzito tu.

Umaliziaji nao una hesabu yake. Zamani ndege hizi zilifunikwa kwa hariri au karatasi nyepesi iliyopakwa vanishi maalumu yenye harufu kali, tabaka juu ya tabaka. Siku hizi wengi hutumia utando wa plastiki wenye gundi upande mmoja, kama vile Oracover ya Ujerumani, ambao hubandikwa kwa pasi ndogo. Kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi gundi yake hushika, na joto likipanda kuelekea 150 utando hunywea na kukaza kama ngozi ya ngoma. Kukaza huko si urembo peke yake: katika bawa lililo wazi kati ya mbavu, utando huzuia bawa lisisokoteke. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipigwa pasi upande mmoja zaidi ya mwingine utalipinda bawa lililokuwa limenyooka, na tiba yake ni kulisokota bawa kinyume kwa mkono huku utando ukipashwa joto upya. Utando haufichi chochote. Kila kovu la msasa huonekana zaidi baada ya kufunikwa, na vumbi likibaki chini yake hutoa viputo. Rangi za juu na za chini hufanywa tofauti kabisa, kwa mfano miali mipana mgongoni na miraba tumboni, kwa kuwa rubani aliye mbali lazima atambue kwa kutupa jicho mara moja ndege imegeukia wapi.

Sasa tuje kwenye kuanguka, kwa maana ndege ya sarakasi isiyoanguka kamwe ni ile isiyorushwa. Jambo la kwanza si gundi, ni betri. Betri ya lithiamu iliyopondeka inaweza kuwaka baada ya muda, hivyo hutolewa na kuwekwa nje, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Baada ya hapo huokotwa kila kipande, hata vibanzi, na hapa wanaoanza hukosea kwa kuona vibanzi ni takataka. Balsa iliyovunjika huwa na meno ya nyuzi yanayoingiana. Yakirudishwa kwa subira bila kusuguliwa kwa msasa, huelekeza kipande mahali pake halisi kuliko rula yoyote, na eneo la kushika gundi huwa kubwa. Vipande hupangwa kwanza vikiwa vikavu, unyoofu wa kiwiliwili hukaguliwa, ndipo gundi hutiwa.

Pale ambapo mbao imekatika moja kwa moja kukingama nyuzi, kuunganisha ncha kwa ncha hakutoshi. Sehemu iliyoharibika hukatwa kwa mshazari mrefu, walau mara nane ya unene wa mbao, na kipande kipya chenye mshazari ule ule hubandikwa juu yake. Mhimili wa bawa huongezewa ukanda mwembamba wa plaiwudi au wa nyuzi za kaboni, ambao ncha zake huchongwa zipungue polepole. Kiraka kigumu kinachoishia ghafla hukusanya mkazo kwenye mpaka wake, na bawa litavunjika tena hapo hapo kando ya kiraka, likiwa zima kabisa chini yake. Kwa ndege za injini ya mafuta kuna adha nyingine: mafuta hupenya kwenye balsa na gundi hukataa kushika. Spiriti na wanga wa mahindi uliopakwa, ukaachwa unyonye na kisha kufutwa, mara kadhaa, huondoa sehemu kubwa ya mafuta hayo.

Baadhi ya sehemu zimekusudiwa kuvunjika, nazo ziachwe hivyo. Magurudumu na mabawa mara nyingi hufungwa kwa bolti za nailoni ambazo hukatika kabla ya mbao kupasuka. Anayebadilisha bolti hizo kwa chuma ili asizinunue tena, amehamishia pigo kwenye kiwiliwili.

Kilichorekebishwa hupimwa tena kwenye mizani, kitovu cha uzito hutafutwa upya, na kila sevo husikilizwa inapozunguka, kwani jino moja lililovunjika ndani halionekani kwa nje. Kisha ndege hujaribiwa kwa urefu wa kutosha angani: hupandishwa kwa mshazari wa nyuzi 45, hugeuzwa chali, na rubani huachia kijiti. Pua ikidondoka upesi, mbele ni pazito. Ikijiinua yenyewe kuelekea juu, matengenezo ya mkia yameacha uzito mwingi nyuma, na betri inabidi isogezwe mbele kabla ya sarakasi yoyote kujaribiwa.