Magnemite: mchoro unasema moja, kanuni zinasema jingine

Magnemite ni kiumbe cha 81 katika orodha ya Pokémon, mfululizo wa michezo ya video uliobuniwa na kampuni ya Game Freak ya Japani na kuanza kuuzwa nchini humo mwezi Februari 1996 kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Game Boy. Umbo lake halihitaji maelezo marefu: ni tufe la kijivu lenye jicho moja, skrubu tatu, na sumaku mbili zilizopinda, moja kila ubavu. Urahisi huo wa umbo ndio uliozaa dhana nyingi potofu, kwa kuwa wachezaji humtazama wakadhani wamekwisha kumwelewa, ilhali matokeo ya pambano huamuliwa na kanuni, na kanuni zenyewe zimerekebishwa mara kadhaa.

Dhana iliyoenea kuliko zote inasema kwamba, kwa vile Magnemite huelea hewani, shambulio la aina ya Ardhi, kama lile la tetemeko liitwalo Earthquake, haliwezi kumgusa (kila kiumbe na kila shambulio huwa na aina, na aina hizo ndizo huamua nani anaumizwa na nini). Ukweli ni kinyume kabisa, kwani hakuna shambulio linalomwumiza zaidi ya hilo. Katika michezo hii, kinga dhidi ya Ardhi haitokani na jinsi kiumbe alivyochorwa. Hutokana na kuwa wa aina ya Kuruka au kuwa na uwezo maalumu uitwao Levitate, ulioletwa na matoleo ya Ruby na Sapphire mwaka 2002. Koffing na Gastly walipewa uwezo huo, Magnemite hakupewa. Mwaka 2006, katika Diamond na Pearl, lilikuja tendo la Magnet Rise ambalo humwinua kweli mtumiaji na kumkinga, lakini kwa zamu 5 tu, na mchezaji hulazimika kutumia zamu nzima kulianzisha wakati mpinzani hajasimama kumsubiri. Anayemwingiza Magnemite mbele ya kiumbe wa Ardhi kwa kutegemea picha, basi, huwa amempoteza kabla hajaagiza lolote.

Jambo hili linahusiana na dhana nyingine, kwamba Magnemite amekuwa wa aina mbili, Umeme na Chuma, tangu mwanzo. Katika Red na Green, matoleo ya kwanza ya mwaka 1996, alikuwa wa Umeme pekee, kwa sababu aina ya Chuma haikuwapo. Ilipoanzishwa na Gold na Silver mwaka 1999, ni yeye na Magneton tu, kati ya viumbe 151 wa awali, walioongezewa aina hiyo. Nyongeza hiyo iliwapa kinga kamili dhidi ya Sumu na ukinzani dhidi ya mashambulizi mengi, lakini pia ilikuwa na gharama: Ardhi huumiza Umeme mara 2 na huumiza Chuma mara 2, kwa hiyo pigo ambalo awali lilikuwa na nguvu mara 2 likawa na nguvu mara 4. Wako pia wanaodai kwamba hakuna viumbe wengine waliowahi kubadilishiwa aina baada ya kutolewa. Dai hilo lingeweza kutetewa kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 2013, katika X na Y, aina ya Fairy ilipoanzishwa, Clefairy, Jigglypuff, Marill na wengineo walibadilishiwa aina pia.

Kuhusu Magneton, kiumbe anayefuata baada ya Magnemite, husemwa kwamba sharti mchezaji akusanye Magnemite watatu ili kumpata. Chanzo cha dhana hii kinaeleweka, kwani mchoro unaonyesha tufe tatu zilizoshikamana, na Pokédex, ile kamusi ya viumbe iliyomo ndani ya mchezo, inaeleza kwamba ameundwa na Magnemite kadhaa walioungana. Kwa kanuni, hata hivyo, Magnemite mmoja akifika kiwango cha 30 hugeuka Magneton peke yake, bila kuhitaji wenzake. Hata hesabu ya uzito inakataa: Magnemite ana kilo 6, kwa hivyo watatu wangekuwa na kilo 18, lakini Magneton anapewa kilo 60. Mimi husoma maandishi ya Pokédex kama masimulizi yanayozunguka miongoni mwa watu wa dunia ile, yenye chumvi kidogo, wala si mwongozo wa mchezo.

Lakini haifai kuyatupa yote kwa sababu hiyo. Pokédex inasema Magneton huonekana mara nyingi madoa ya jua yanapozidi, na msomaji anaweza kudhani hiyo ni porojo ya kupamba. Madoa ya jua ni maeneo yenye nguvu kubwa ya sumaku kwenye uso wa jua, na yanapozidi, milipuko ya jua nayo huongezeka, na baadhi yake huvuruga uga wa sumaku wa dunia. Mwezi Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliangusha gridi ya umeme ya Québec, Kanada, na mamilioni ya watu wakakaa gizani kwa takribani saa 9. Aliyeandika sentensi ile alikuwa anajua anachokisema.

Si kweli pia kwamba Magnemite ni mashine iliyoundwa na binadamu. Aliyetengenezwa na watu ni Porygon, ambaye mchezo wenyewe unaeleza kwamba ametokana na msimbo wa kompyuta. Magnemite hana jinsia, lakini akiwekwa pamoja na Ditto, kiumbe anayeweza kujigeuza mfano wa mwingine, hupatikana yai. Wala Magneton hageuki Magnezone, hatua inayomfuata, kwa kubadilishana viumbe kati ya wachezaji, kama ilivyo kwa Haunter au Kadabra. Katika Diamond na Pearl alihitaji kupanda kiwango akiwa Mlima Coronet, penye uga maalumu wa sumaku. Katika matoleo ya karibuni hutumika jiwe la Thunder Stone.

Uwezo maarufu wa Magnemite na hatua zake zinazofuata, Magnet Pull, nao hueleweka vibaya. Hauwavuti wapinzani wala hauwapunguzii nguvu. Huwazuia wale wa aina ya Chuma wasibadilishwe na mwenzao katikati ya pambano. Ndiyo maana Magnezone akawa tishio kwa Skarmory, ndege wa chuma asiyeweza kutoka na ambaye umeme humwumiza mara 2. Sumaku halisi huvuta chuma, nikeli na kobalti lakini si shaba wala alumini, ilhali mchezo haujali tofauti hiyo. Kizuizi chenyewe si kamili: mpinzani aliyebeba kifaa cha Shed Shell huondoka, anayetumia shambulio la U-turn huondoka, na tangu mwaka 2013 wa aina ya Mzimu, kama Aegislash, huondoka pia. Excadrill hawezi kuondoka, lakini huyo ni wa Ardhi na Chuma kwa pamoja. Umeme haumdhuru hata kidogo, naye ana Earthquake.