Kupunguza gharama za nishati kwa njia endelevu: maana yake katika taasisi

Ukimwuliza mkuu wa taasisi amefanya nini kupunguza gharama za umeme, mara nyingi atakuonyesha waraka: taa zizimwe, viyoyozi visiwashwe kabla ya saa nne, birika za umeme marufuku maofisini. Mwezi wa kwanza bili inashuka. Mwezi wa tatu waraka umepauka ubaoni, birika zimerudi chini ya meza, na bili imerudi ilikokuwa. Huko ni kubana matumizi. Si jambo baya, ila si dhana tunayoizungumzia hapa.

Kupunguza gharama za nishati kwa njia endelevu ni kufanya kazi ileile, au kubwa zaidi, kwa nishati pungufu, na akiba hiyo iendelee kuwepo hata aliyeianzisha akihamishwa kituo. Neno "endelevu" linadai pia kwamba akiba isiwe mzigo uliotupiwa mtu mwingine. Hospitali iliyoshusha bili kwa kuwaacha wagonjwa na joto wodini haijaokoa kitu. Shule iliyoacha gesi ikarudi kwenye kuni imehamishia gharama msituni na kwenye mapafu ya wapishi wake.

Tuanze na bili, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyumbani tumezoea LUKU: unanunua uniti, zinaisha, unanunua tena. Taasisi kubwa haitozwi hivyo. Tanzania, mteja wa umeme wa volti 400 anayevuka uniti 7,500 kwa mwezi huingia kundi la T2, na bili yake ina sehemu mbili nzito. Kwa bei alizopanga mdhibiti, EWURA, mwaka 2016, uniti moja ilikuwa shilingi 195, na pembeni yake kulikuwa na tozo ya shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha umeme wote unaovutwa kwa wakati mmoja) ya kilele cha mwezi.

Hiyo kVA ya kilele ndiyo isiyoeleweka. Fikiria harusi. Umekodi viti 300 kwa sababu saa tatu usiku wageni wote watakuwa wameketi. Saa kumi na mbili jioni wamefika 40 tu, saa saba usiku wamebaki 60, lakini mwenye viti anakudai vyote 300, kwa kuwa ilibidi avilete. Shirika la umeme nalo linalazimika kuwa na transfoma na nyaya za kutosha kwa ule muda mfupi ambao mmewasha kila kitu kwa pamoja. Mita inaukumbuka muda huo hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hoteli inayofua mashuka, inayopika, inayopandisha maji tangini na inayopooza ukumbi wa mikutano saa tano ileile asubuhi inalipia kilele ambacho ingeweza kukikata kwa kusogeza pampu ya maji hadi usiku. Haijanunua kifaa chochote. Imebadilisha saa tu.

Kuna na jambo la pili ndani ya kVA. Mota, viyoyozi vya zamani, mashine za kuchomelea na taa za mirija huvuta mkondo mkubwa kuliko kazi zinayoifanya. Ni kama mkokoteni unaovutwa kwa kamba kutoka ubavuni: jasho linatoka lote, lakini sehemu yake inauvuta mkokoteni mtaroni badala ya mbele. Uwiano kati ya kW zinazofanya kazi na kVA zinazovutwa ndio mafundi wanaouita pawafakta. Ukiwa 1, kamba iko mbele kabisa. Ukiwa 0.75, umeme mwingi unazunguka bure kwenye nyaya.

Hesabu ya mfano itasaidia. Taasisi ina mzigo wa kilele wa kW 112.5 na pawafakta ya 0.75, hivyo inasomeka kVA 150. Ikifunga kapasita zinazofaa, yaani vifaa vinavyopunguza huo mkondo wa kuzunguka bure, na kufika 0.95, kazi ileile inasomeka kVA 118 na ushei. Kwa tozo tuliyoitaja, tofauti hiyo ni takriban shilingi 474,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 5.6 kwa mwaka, na hakuna mfanyakazi aliyeambiwa azime chochote. Kenya nako Kenya Power humtoza nyongeza mteja mkubwa ambaye pawafakta yake imeshuka chini ya 0.9.

Niseme hili kwa msisitizo kwa sababu watu wanaibiwa: kapasita hazipunguzi uniti kwa kiasi cha maana. Vile visanduku vinavyouzwa mitaani kwamba ukichomeka nyumbani bili itashuka nusu havina faida kwa anayelipa kwa uniti.

Ukishaielewa bili, kuna kipimo kimoja rahisi ambacho ningemwomba kila msimamizi akifanye kabla ya kumwita mshauri yeyote. Soma mita saa moja jioni wakati wa kufunga ofisi, uisome tena saa moja asubuhi. Ukikuta zimeenda uniti 120, maana yake kuna wastani wa kW 10 zilizokesha zikifanya kazi wakati jengo ni tupu. Kwa mwaka mzima hizo ni uniti 43,800, na kwa bei ya T2 ni zaidi ya shilingi milioni 8.5. Sehemu yake ni halali: jokofu la dawa, seva, taa za ulinzi. Nyingine ni kiyoyozi cha chumba cha mikutano kilichosahaulika tangu Ijumaa, hita ya maji ambayo hakuna anayejua swichi yake, au pampu inayojizima na kujiwasha usiku kucha kwa sababu bomba linavuja chini ya ardhi. Ukaguzi wa nishati, kwa maana yake ya kitaalamu, ni kazi hii hii iliyofanywa kwa kina: kujua kila uniti inakwenda wapi, kisha kupanga marekebisho kwa gharama na kwa muda wa fedha kurudi.

Mpangilio wa hatua una uzito wake. Kwanza punguza hitaji lenyewe, kisha tumia vifaa vyenye ufanisi, na chanzo kipya cha nishati kije mwisho. Wazee waliojenga Lamu na Unguja walilijua la kwanza vizuri: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, ua wa ndani wa kupitisha upepo. Leo tunajenga ofisi za vioo zinazotazama magharibi kwenye pwani ileile, halafu tunashangaa bili ya viyoyozi. Jengo likishasimama huwezi kuligeuza, lakini paa lililopakwa rangi nyeupe, kivuli madirishani na mianya iliyozibwa hupunguza kazi ya kiyoyozi siku zote, hata siku ambayo hakuna anayekumbuka waraka.

Kwenye vifaa, taa ndizo zinazojulikana zaidi na sitakaa hapo: balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Penye fedha zaidi, hasa viwandani, ni kwenye mota. Feni kubwa ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni kama 0.51. Ndiyo maana kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota hurudisha fedha yake upesi pale ambapo feni ilikuwa inazunguka kwa kasi yote huku upepo ukizuiwa kwa kufunga kilango nusu. Kwa pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu hesabu hii haikai hivyo, maana ule mwinuko haupungui hata ukipunguza mwendo. Fundi asiyekueleza tofauti hiyo anakuuzia kifaa tu.

Sola ndiyo inayopigwa picha, na kwa kweli inafaa. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga mtambo wa kW 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014 na kikawa mfano kwa taasisi nyingine. Lakini mtambo unaofungwa kabla ya kupunguza hitaji ni mtambo mkubwa kuliko inavyostahili. Unanunua paneli za kulisha upotevu. Tena kama kilele chako ni saa mbili usiku, mabweni yanapowaka na jiko linaosha vyombo, paneli zitapunguza uniti za mchana ila kVA ya kilele haitaguswa. Na kama pawafakta ilikuwa mbaya, huenda ikasomeka mbaya zaidi: sola imechukua kW, ule mkondo wa kuzunguka bure bado unatoka gridi.

Nishati ya taasisi zetu, lakini, haiishii kwenye mita. Shule ya bweni inaweza kuwa na bili ndogo ya umeme na huku inamaliza lori la kuni baada ya lori. Kwa kuwa kuni zinaingia vitabuni kama "mahitaji ya jikoni", hakuna anayezihesabu kuwa nishati. Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziachane na kuni na mkaa. Kuhama kunahitaji mtaji. Mtaji ukiwa bado unatafutwa, maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema zaidi, na kuni zilizokaushwa chini ya banda zinatoa joto zaidi kuliko mbichi, kwa kuwa mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake yenyewe. Wapishi wanayajua haya. Wanaoagiza kuni mbichi kwa sababu ni za bei rahisi ndio hawajayauliza.

Turudi kwenye ukaguzi wa nishati: Kenya iliuweka kisheria. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilizitaka taasisi zinazotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka zifanyiwe ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na zitekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Sharti hilo la pili ndilo lenye akili, kwa sababu ripoti za ukaguzi hufia kabatini. Kimataifa kuna kiwango cha usimamizi wa nishati, ISO 50001, kilichotolewa 2011 na kurekebishwa 2018, ambacho kinadai sera, vipimo na mtu mwenye jina anayewajibika.

Huyo mtu mwenye jina ndiye anayekosekana kwetu. Bili inakwenda kwa mhasibu, swichi ziko kwa mlinzi na mfagiaji, vipuri vinaagizwa na ofisi ya ununuzi inayochagua mota ya bei ya chini, na fundi umeme hajawahi kuiona bili hata siku moja. Taasisi iliyonuia kweli inawakutanisha hawa kila mwezi, bili mezani, na haisomi shilingi peke yake. Inasoma uniti kwa kila mgonjwa aliyelazwa, kwa kila tani ya unga, kwa kila mwanafunzi. Bila kipimo hicho, bili ya Desemba itashuka kwa sababu wanafunzi wameenda likizo na watu watapongezana.

Halafu kuna swali la fedha iliyookolewa inakwenda wapi. Ikimezwa na mfuko mkuu, mwaka wa pili hakutakuwa na cha kununulia kapasita zilizoungua wala cha kusafishia viyoyozi, na pawafakta itarudi 0.75 taratibu bila mtu kugundua. Nimeona taasisi moja ikitenga theluthi ya akiba ya kila robo mwaka kwa matengenezo na mradi unaofuata, ikaanza na taa, ikaja kwenye kapasita, ikamalizia na paa la jiko. Walipofika kwenye sola, walihitaji paneli chache kuliko walizoambiwa mwanzoni.