Kunde, Vidukari na Kelele za Pampu

Wakulima wa kando ya Mto Sabaki wakitupigia simu, swali la kwanza huwa ni dawa. Kabla ya dawa, geuza jani la kunde utazame. Vidukari weusi wanaong'aa wamejibana kwenye shina changa na kwenye maganda, wanafyonza utomvu. Katikati yao huenda ukamwona mdudu mwingine, mrefumrefu, wa kijivu mwenye madoa ya rangi ya chungwa, umbo kama mamba mdogo. Wengi humponda kwa kidole wakidhani ndiye mharibifu. Mwacheni. Huyo ni mtoto wa yule mbawakawa mviringo wa mgongo mwekundu na madoa meusi, na mzazi na mtoto wote chakula chao ni vidukari hao hao.

Ni kitu gani humzuia mlinzi huyu asifanye kazi yake? Mwanaikolojia wa Marekani, Brandon Barton, amelifuata swali la namna hiyo kwa miaka mingi. Alianza na joto, akichunguza panzi na buibui wanaowawinda. Joto lilipozidi, buibui walishuka chini kwenye majani. Kisha akageukia upepo. Kwenye mashamba ya soya huko Wisconsin, Marekani, aliweka vizuizi vya upepo, na palipotulia mbawakawa walikuwa wengi na vidukari wakapungua, maana jani linalopigwapigwa humsumbua mwindaji. Aliyelima Malindi wakati wa upepo wa kusi ameshaelewa: ua wa miti upande wa kusini hufanya kazi zaidi ya kuzuia mchanga.

Kelele zilikuja baadaye. Mwaka 2018, akiwa Mississippi State University, yeye na wenzake walichapisha jaribio lililowachekesha wengi. Waliwapigia mbawakawa muziki wa roki wa bendi ya AC/DC, na kelele za mjini pia, kwa sauti ya juu kabisa. Mbawakawa wakala vidukari wachache kuliko kawaida. Muziki wa kantri haukuwapunguzia hamu. Baada ya wiki mbili za roki, vidukari walikuwa wametapakaa na soya imedumaa. Mimi kilichonivutia ni hiki: pasipo mbawakawa, kelele hazikuwagusa vidukari wala soya. Aliyetatizwa ni mlinzi, na hasara ikamwangukia mmea.

Lile lilikuwa jaribio la ndani ya vyumba maalumu, kwa soya, kwa hiyo usiende kutangaza kwamba pampu ya maji ya jirani ndiyo iliyokuletea vidukari. Hata hivyo pampu ya petroli hunguruma saa nyingi karibu na matuta, na hutetemesha ardhi pia. Wadudu wengi huhisi mtetemo kwa miguu. Pampu haiwezi kwenda mbali na mto, hilo tunalijua. Basi matuta yaliyo karibu na pampu yape mahindi, kunde ziende mbali zaidi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Lakini tusidanganyane: dawa inayoua kila kitu humwangamiza mbawakawa kuliko pampu yoyote. Kagua kunde asubuhi, mashina machanga kwanza. Ukiwakuta mbawakawa au watoto wao wengi kati ya vidukari, subiri siku chache, kagua tena, ndipo uamue kama bomba la dawa lina haja ya kutoka stoo.