Dirisha lililopotea: dhana potofu kuhusu Dear ImGui

Kijana tunayefanya naye kazi hapa Kilimani aliniita juzi: "Kaka, nimeiweka Dear ImGui, programu inakimbia bila kosa, lakini skrini ni nyeusi tu." Alidhani, kama wengi, kwamba maktaba hiyo ya kuunda madirisha na vitufe vya programu ndiyo inayovichora kwenye skrini.

Haichori. Dear ImGui, kazi ya Omar Cornut kwa lugha ya C++, haigusi kadi ya grafiki hata kidogo. Kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, inakukabidhi vipeo (pembe) vya pembetatu na orodha ya amri, basi. Kipeo kimoja ni baiti 20: 8 za mahali kilipo, 8 za sehemu ya picha inayobandikwa, 4 za rangi. Kuvifikisha kwa Vulkan, Metal, Direct3D au OpenGL, zile njia za programu kuongea na kadi, ni kazi ya msimbo mwingine: wako, au ule wa ziada unaokuja na maktaba.

Wengine husema ni nzito kwa sababu vitufe hujengwa upya kila fremu, ati kadi inaletewa kimoja kimoja. Wapi! Vitufe vya dirisha zima huingia kwenye bafa moja (fungu moja la data), na amri chache hutosha.

Dhana iliyonitesa mimi ni kwamba juu ni juu kila mahali. Kila amri huja na mstatili wa kukatia, ambao nje yake hakichorwi kitu, uliopimwa kutoka pembe ya juu kushoto. OpenGL hupima kutoka chini. Skrini ikiwa na urefu wa pikseli 720 na mstatili ukianzia 100 hadi 300, OpenGL inataka ukingo wake wa chini: 720 kutoa 300, yaani 420. Mimi niliipa 100. Nikiburuta dirisha hadi katikati ya skrini, linaonekana, nikilipandisha, linamezwa. Siku mbili nilimlaumu dereva wa kadi (programu inayoiendesha), maskini.

Ukipitia daraja kama bgfx, maktaba inayokaa kati yako na njia hizo zote, ugeuzaji huo unafanyiwa. Ila usidhani tofauti zimekwisha: sheda (programu ndogo zinazokimbia ndani ya kadi) bado hutayarishwa kwa kila jukwaa, na kipimo cha kina, yaani umbali wa kitu ndani ya skrini, kwa OpenGL huanzia -1 hadi 1 wakati Direct3D na Metal huanzia 0. Lazima uliulize daraja linatumia kipi kabla ya kujenga matriksi, jedwali la namba linaloweka vitu mahali pake kwenye skrini.

Yule kijana aliandika msimbo wake wa kuchora jioni hiyo hiyo. Dirisha likatokea, vitufe vikatokea, na kila herufi ikawa kisanduku cheupe. Herufi nazo ni pembetatu mbili zilizobandikwa kipande cha picha ya fonti, na picha hiyo hakuwa ameipeleka kwenye kadi.